Protini Yenye Jina la Kilifi: Kingamwili, Damu na Malaria katika Pwani ya Kenya

Mwaka 1997 jarida la kisayansi la Human Molecular Genetics lilichapisha makala iliyoeleza badiliko dogo katika protini moja ya mwili wa binadamu. Watafiti walioligundua, baadhi yao wakiwa Oxford na wengine katika hospitali ya wilaya iliyo karibu na hori la Kilifi, waliipa protini hiyo iliyobadilika jina la ICAM-1 Kilifi. Pwani hii imezoea kutajwa vitabuni kwa sababu ya magofu ya Gede na Mnarani, au kwa sababu ya merikebu za Wareno zilizotia nanga Malindi mwaka 1498. Kutajwa kwa sababu ya kitu kisichoonekana kwa jicho, kilichomo ndani ya mishipa ya damu ya watoto wa Kigiriama, Kichonyi na Kikauma, ni jambo la aina nyingine, nalo linastahili kupewa nafasi katika historia ya pwani pamoja na hayo ya kale.

Historia hiyo ina vipindi viwili vyenye mwelekeo tofauti. Katika kipindi cha kwanza kingamwili zilifika Kilifi kutoka maabara za ng'ambo zikiwa zana za kudhihirisha protini za mwili wa binadamu, na watu wa Kilifi walikuwa ndio wanaochunguzwa. Katika kipindi cha pili, kilichofikia kilele chake mwishoni mwa mwaka 2015, damu ya wakazi wa Kilifi wenyewe ilitoa kingamwili ya namna ambayo hakuna maabara yoyote duniani iliyokuwa imewahi kuibuni. Kuvieleza vipindi hivyo kwa pamoja ndiko kunakoonyesha nafasi halisi ya Kilifi katika elimu ya malaria, kwa maana anayetazama kipindi cha kwanza peke yake huona hospitali iliyotoa sampuli tu, na picha hiyo ni pungufu.

Ni lazima kwanza zana yenyewe ielezwe. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba, na juu ya utando huo zimejitokeza protini nyingi ambazo kwazo seli hutambuana, hushikana, hupokea ujumbe wa homoni na kutofautisha kilicho chake na kigeni. Kwa kuwa protini hizo ni ndogo mno, hadubini ya kawaida haiwezi kuzionyesha, na seli mbili zenye kazi tofauti kabisa huweza kuonekana sawa chini ya lenzi. Kingamwili ni protini ya aina nyingine, inayotengenezwa na seli nyeupe za damu ziitwazo limfositi B, yenye ncha mbili zinazoshika umbo moja maalumu na kuliacha jingine. Umbo hilo linaloshikwa, ambalo mara nyingi ni eneo dogo tu la protini, huitwa epitopu. Kingamwili ikiunganishwa na rangi inayong'aa inapomulikwa, kila seli yenye protini inayotafutwa hung'aa na nyingine hubaki gizani, na hivyo kitu kisichoonekana hupata alama.

Kwa miongo mingi maabara zilitegemea seramu ya sungura au mbuzi waliochomwa sindano ya kitu kinachochunguzwa. Seramu hiyo ilikuwa mchanganyiko wa kingamwili nyingi zenye shabaha tofauti, na mnyama alipokufa mchanganyiko ule haukuweza kupatikana tena kama ulivyokuwa. Mwaka 1975, katika maabara ya Cambridge nchini Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha limfositi B ya panya na seli ya saratani, wakapata seli chotara, iitwayo hibridoma, inayorithi upande mmoja uwezo wa kutengeneza kingamwili ya aina moja tu na upande wa pili uwezo wa kuzaliana bila kikomo. Kingamwili zinazotokana na seli mama moja ziliitwa za monokloni, na kwa kazi hiyo wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1984. Katika miaka michache kingamwili za monokloni zilizidi kuwa nyingi kiasi kwamba maabara tofauti ziliipa protini moja majina matano au sita, hadi mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris mwaka 1982 ulipoanzisha utaratibu wa kuzipa protini za juu ya seli namba zinazotanguliwa na herufi CD.

Protini ya ICAM-1, ambayo katika utaratibu huo ni CD54, ni mfano safi wa protini iliyojulikana kwa sababu kingamwili ilitangulia kuishika. Mjini Boston mwaka 1986, Robert Rothlein, Timothy Springer na wenzao walikuwa wakichunguza kinachozifanya seli nyeupe za damu zishikamane. Protini moja ya kushikia, LFA-1, ilikuwa imekwisha kujulikana, lakini haikujulikana inashika nini upande wa pili. Waliwachoma panya seli zilizotoka kwa wagonjwa waliozaliwa bila LFA-1, ili kingamwili zitakazopatikana zisiwe za protini ile ya zamani, kisha wakatafuta miongoni mwa kingamwili hizo ile inayozuia seli kushikamana. Waliyoipata waliiita RR1/1, na protini iliyokuwa ikishikwa nayo ndiyo ICAM-1. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba protini hiyo hukaa juu ya seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu, kwamba huwa chache wakati mwili una afya, na kwamba huongezeka sana mwili unapopambana na maradhi, kwa kuwa kazi yake ni kuzinasa seli nyeupe zinazopita ndani ya damu ili zitoke mshipani na kuingia mahali penye uvimbe.

Wakati hayo yakitendeka Boston, Kilifi ilikuwa mji mdogo wenye hospitali iliyojaa wagonjwa wa homa. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha KEMRI, ilikuwa imeundwa mwaka 1979, na miaka kumi baadaye, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford na kwa fedha za Wellcome Trust ya Uingereza, ikaanzisha kituo cha utafiti katika uwanja wa Hospitali ya Wilaya ya Kilifi. Kevin Marsh, daktari aliyekuwa amefanya kazi Gambia, Robert Snow, mtaalamu wa mtawanyiko wa maradhi, na Norbert Peshu, daktari Mkenya aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kituo hicho cha KEMRI, walikuwa miongoni mwa waliouweka msingi wake. Uamuzi wa kukiweka kituo ndani ya hospitali ya umma, mahali ambapo mtoto mgonjwa analetwa usiku kwa miguu au kwa baiskeli, ulikuwa na matokeo makubwa kuliko chombo chochote kilichonunuliwa, kwa sababu maswali yaliyoulizwa maabarani yalianzia wodini.

Swali zito kuliko yote lilihusu malaria ya ubongo, ile ambayo watu husema imepanda kichwani. Mtoto anaweza kucheza asubuhi, akapata homa mchana, akashikwa na degedege jioni na kupoteza fahamu kabla ya usiku wa manane. Halima Mwenesi na wenzake, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995, walieleza kwamba akina mama wa Kilifi waliitambua vyema homa ya kawaida na kuitafutia dawa madukani au zahanatini, lakini degedege waliiona kuwa kitu kingine, kinachohusishwa na pepo anayetoka juu, nyama wa dzulu kwa Kigiriama, na kwa hiyo walimpeleka mtoto kwa mganga kwanza. Utaratibu huo haukuwa ujinga. Akina mama walikuwa wameona, kwa macho yao na kwa majonzi yao, kwamba watoto wengi hupata homa na kupona ilhali wachache hubadilika ghafla na kufa, nao walihitaji maelezo ya tofauti hiyo. Na tofauti hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasumbua madaktari. Mwaka huohuo wa 1995 Marsh na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 1,844 waliolazwa Kilifi wakiwa na malaria, wakaonyesha kwamba dalili mbili zinazoweza kutambuliwa kando ya kitanda bila chombo chochote, yaani kupungua kwa fahamu na kupumua kwa shida, ndizo zinazowatenga walio katika hatari ya kufa. Charles Mbogo na wenzake nao, wakipima mbu katika sehemu tisa za pwani, walikuta malaria kali hata pale ambapo mbu wenye vimelea walikuwa wachache, jambo lililodhihirisha kwamba wingi wa mbu peke yake hauelezi ni mtoto yupi atakayezidiwa.

Maelezo yaliyokuwa yakikubalika zaidi na wanasayansi yalikuwa haya: kimelea aitwaye Plasmodium falciparum, anapokua ndani ya chembe nyekundu ya damu, hupeleka protini zake kwenye uso wa chembe hiyo, na kwa protini hizo chembe hunata kwenye kuta za mishipa midogo badala ya kuendelea na mzunguko. Kwa kunata huko kimelea huikwepa bandama, ambayo ingemwangamiza. Lakini mishipa huziba, na ikiwa ni mishipa ya ubongo mtoto huingia katika koma. Kilichobaki kujulikana ni protini ipi ya mwili wa binadamu inayonatwa, na hapo ndipo kingamwili zilipohitajika. Mwaka 1985 John Barnwell na wenzake walionyesha kwamba kingamwili iitwayo OKM5, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutambua seli nyeupe, huzuia chembe zenye vimelea zisinate, na protini inayoshikwa na OKM5 ikaja kujulikana kuwa CD36. Mwaka 1989 Anthony Berendt, Chris Newbold na wenzao wa Oxford walitangaza kwamba ICAM-1 nayo ni mahali pa kunatia. Kimelea kilikuwa kimejifunza kutumia protini ileile ambayo mwili huongeza wakati wa homa, na kwa hiyo kadiri mtoto anavyozidi kupambana ndivyo kuta za mishipa yake zinavyozidi kuwa na mahali pa kunatia.

Kingamwili ilitumika katika uchunguzi huo kwa njia mbili ambazo ni vyema zisichanganywe. Kwa njia ya kwanza ilikuwa alama: vipande vyembamba vya ubongo wa wagonjwa waliokufa kwa malaria viliwekwa kingamwili ya ICAM-1, na rangi ikaonyesha mishipa iliyokuwa na protini hiyo. Gareth Turner na wenzake, waliofanya hivyo kwa wagonjwa wa Asia ya Kusini-Mashariki na kuchapisha matokeo mwaka 1994, walikuta kwamba mishipa ya ubongo yenye ICAM-1 ndiyo iliyokuwa na mlundikano wa vimelea. Kwa njia ya pili kingamwili ilikuwa kizuizi: iliwekwa kwanza ili ifunike protini, kisha ikatazamwa kama chembe zenye vimelea bado zinanata. Alama huonyesha kwamba kitu kipo. Kizuizi huonyesha kwamba kitu hicho kinafanya kazi inayodhaniwa. Pasipo njia ya pili, ushahidi wa malaria ya ubongo ungebaki kuwa wa kukutana mahali pamoja tu, na mambo mengi hukutana mahali pamoja bila moja kuwa sababu ya jingine.

Huko Kilifi kazi ilikuwa ya subira. Vimelea wanaozunguka katika damu ya mtoto mgonjwa ni wachanga na bado hawanati, hivyo ilibidi damu iliyochukuliwa iwekwe katika joto la mwili na hewa maalumu mpaka vimelea wakomae. Baada ya hapo chembe zilimwagwa juu ya sahani za plastiki zilizotiwa matone ya protini mbalimbali, zikaoshwa taratibu, zikatiwa rangi, na mtaalamu wa maabara akakaa kwenye hadubini akizihesabu moja baada ya nyingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba karibu vimelea wote waliotoka kwa watoto wa Kilifi walinata kwenye CD36, kwamba wengi wao walinata pia kwenye ICAM-1, na kwamba kunata kwenye ICAM-1 kulikuwa kwa nguvu zaidi kwa vimelea wa watoto wenye malaria ya ubongo. Kabla ya hapo, mwaka 1995, uchunguzi mwingine wa Kilifi ulioongozwa na Alexandra Rowe ulikuwa umehusisha malaria kali na tabia ya chembe zenye vimelea kujizungushia chembe nyekundu nzima.

Kutokana na mkondo huo wa kazi ndipo lilipozuka swali lililozaa jina. Kama ICAM-1 ni mlango wa kifo, na kama malaria imeishi na watu wa Afrika kwa maelfu ya miaka, je, haiwezekani kwamba baadhi ya watu wamerithi ICAM-1 yenye umbo tofauti, kama vile wengine walivyorithi chembe mundu kwa sababu anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria? ICAM-1 ina sehemu tano zinazofuatana, na kingamwili tofauti, kila moja ikifunika epitopu yake, zilikuwa zimeonyesha mwaka 1992 kwamba kimelea hunata kwenye sehemu ya kwanza kabisa, ile iliyo mbali na utando wa seli. Kwa hiyo watafiti, wakiongozwa na Delmiro Fernandez-Reyes, walisoma jeni ya sehemu hiyo katika damu ya watu wa Kilifi, nao wakakuta kwamba asidi amino ya 29, ambayo kwa kawaida ni lisini, kwa watu wengi ilikuwa methionini. Badiliko hilo lilikuwa la kawaida sana kwa Waafrika, na halikuonekana kwa Wazungu waliochunguzwa.

Kilichofuata hakikutarajiwa na mtu. Badala ya kuwakinga watoto, badiliko hilo lilionekana kuwazidishia hatari: mtoto aliyelirithi kwa baba na kwa mama alikadiriwa kuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata malaria ya ubongo. Wanasayansi walijiuliza ni kwa nini jeni yenye madhara kiasi hicho isingetoweka bali ienee. Majibu yaliyotolewa yalikuwa ya kubahatisha kwa adabu: huenda inakinga dhidi ya maradhi mengine, kwa kuwa ICAM-1 ni mlango pia wa virusi vingi vya mafua ya kawaida, jambo lililojulikana tangu mwaka 1989. Majaribio ya maabarani yaliongeza utata, kwani baadhi ya vimelea walinata hafifu kwenye ICAM-1 Kilifi kuliko kwenye ile ya kawaida, na kunata hafifu kulitarajiwa kuleta afueni.

Mwaka 1998 uchunguzi wa Gambia haukupata uhusiano wowote kati ya badiliko hilo na malaria kali. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi wenyewe, wakiwafuatilia watoto vijijini, waliripoti kwamba wenye ICAM-1 Kilifi walipata homa zisizo za malaria kwa uchache kuliko wenzao, matokeo yaliyoelekea kuunga mkono lile wazo la maradhi mengine. Kisha mwaka 2008 uchunguzi mpana zaidi, uliounganisha sampuli za Gambia, Malawi na Kenya, ulihitimisha kwamba tofauti za jeni ya ICAM-1 hazihusiani na malaria kali. Dai la mwaka 1997 likawa limedhoofika kiasi cha kutoweza kutegemewa, ilhali jina lililozaliwa nalo limebaki. Wako wanaoweza kuliona hilo kuwa fedheha kwa mji, lakini hukumu hiyo haina msingi. Badiliko la asidi amino ya 29 ni la kweli na limethibitishwa mara nyingi; kilichoanguka ni tafsiri yake ya kwanza, nayo iliangushwa kwa ushahidi ambao sehemu yake ilitoka katika wodi na vijiji vilevile vya Kilifi.

Kisa cha ICAM-1 Kilifi kinagusa pia tatizo la zana yenyewe. Kingamwili nyingi za monokloni zinazouzwa duniani zilitengenezwa kwa kutumia seli za watu wachache wa Ulaya na Marekani, na kingamwili hushika epitopu, haishiki protini nzima. Ikiwa epitopu imebadilika kwa urithi, kingamwili hupita bila kuiona, na mpimaji huandika kwamba protini haipo wakati ipo. Hatari hiyo si ya kinadharia. Kingamwili ya OKT4, iliyotangazwa mwaka 1979 na kutoka katika nyumba ileile ya utafiti iliyotoa OKM5, ilitumika kutambua protini ya CD4, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba watu fulani, hasa wenye asili ya Afrika, walionekana kutokuwa na CD4 kabisa walipopimwa nayo, na walionekana kuwa nayo kama kawaida walipopimwa kwa kingamwili inayoshika epitopu nyingine. Uzito wa jambo hilo hueleweka mtu anapokumbuka kwamba katika miaka ya 2000, dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi zilipoanza kutolewa katika hospitali za umma za Kenya, ilikuwa ni hesabu ya seli zenye CD4 iliyoamua mgonjwa yupi aanze dawa na yupi asubiri. Mashine inayofanya hesabu hiyo hupitisha seli moja moja mbele ya mwale wa leza na kuhesabu zinazong'aa. Inasema kweli kwa kadiri ya kingamwili iliyotiwa ndani yake. Kwa sababu hiyo maabara makini inayochunguza protini yenye sura mbili za kurithi, kama ilivyo ICAM-1 katika pwani hii, haina budi kutumia kingamwili zaidi ya moja, zenye shabaha tofauti, kabla ya kuamini kwamba kisichong'aa hakipo.

Haiwezekani kueleza historia ya damu iliyochunguzwa bila kueleza namna ilivyopatikana. Pwani ya Afrika Mashariki ina kumbukumbu ya zamani ya mumiani, wanyonyaji wa damu wanaosemekana kuwakamata watu na kuuza damu yao, na kituo kinachochukua damu ya watoto, chenye magari mengi na wageni, hakikuweza kuepuka kutiliwa shaka. Uchunguzi wa Sassy Molyneux, Peshu na Marsh, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba wazazi wengi waliotia saini fomu za kukubali utafiti walielewa kidogo kilichoandikwa humo, na wengi waliuona utafiti kuwa sehemu ya matibabu. Ni jambo la kuheshimiwa kwamba kituo kilichapisha matokeo yasiyokipendeza kuhusu kazi yake, kisha kikaanzisha mtandao wa wawakilishi wa jamii waliochaguliwa vijijini. Aliyebeba mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, alikuwa mfanyakazi wa nyanjani, kijana wa papo hapo anayezungumza Kigiriama au Kichonyi, aliyeketi chini ya mwembe akieleza kwa nini kijiko kidogo cha damu kinahitajika, na ambaye jina lake mara nyingi liliishia katika aya ya shukrani. Tangu mwaka 2000 wafanyakazi wa aina hiyo wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali, wakiandika wanaozaliwa, wanaohama na wanaofariki.

Mwelekeo wa historia ulianza kugeuka mwaka 1998. Marsh alikuwa ameonyesha akiwa Gambia, mwaka 1986, kwamba seramu ya mtoto aliyepona malaria hutambua vimelea waliomsababishia yeye ugonjwa lakini si wa mtoto mwingine, ilhali seramu ya mtu mzima hutambua vimelea wengi. Huko Kilifi, Peter Bull, Brett Lowe, Moses Kortok na wenzao walichukua seramu za watoto kabla hawajaugua, wakazihifadhi kwenye baridi kali, na watoto walipougua wakazipima dhidi ya vimelea waliosababisha ugonjwa. Ilidhihirika kwamba mtoto huugua kwa vimelea wenye uso ambao kingamwili zake za awali hazikuutambua, kana kwamba kimelea hupita penye pengo la ua. Katika uchunguzi huo kingamwili haikuwa tena bidhaa iliyotoka ng'ambo ndani ya kichupa. Ilikuwa ya mtoto mwenyewe, na kwayo vimelea walipangwa na kutofautishwa.

Kwa kuwa kimelea kina jeni karibu 60 za protini kuu ya kunatia, iitwayo PfEMP1, na huzibadilisha moja baada ya nyingine, wengi waliamini kwamba hakuna kingamwili moja inayoweza kutambua vimelea wa namna nyingi. Imani hiyo ilivunjwa na damu ya watu wazima wa Kilifi. Watafiti wa Kilifi, wakiwemo Abdirahman Abdi na Francis Ndungu, walishirikiana na kundi la Antonio Lanzavecchia la Bellinzona, Uswisi, kutafuta watu ambao seramu yao huweza kushikamanisha chembe zenye vimelea wa asili tofauti kwa wakati mmoja. Walipatikana wachache, na kutoka kwa wawili kati yao limfositi B zilitolewa na kukuzwa maabarani ili kingamwili zao zisomwe moja moja. Ndani ya kingamwili hizo, katikati ya sehemu ya kushikia, kulikuwa na kipande kirefu kisicho cha kingamwili kabisa. Kilikuwa ni kipande cha LAIR1, protini ya juu ya seli za kinga ambayo kazi yake ya kawaida ni kushika kolajeni, ile protini inayojenga ngozi na gegedu, na kuzituliza seli za kinga zisichachamae kupita kiasi. Jeni ya LAIR1 imo katika kromosomu ya 19, hiyohiyo yenye jeni ya ICAM-1. Jeni ya mnyororo mzito wa kingamwili imo katika kromosomu ya 14. Kipande kilikuwa kimehama kutoka kromosomu moja hadi nyingine ndani ya limfositi ya mtu aliye hai, kisha kikabadilika kidogo kidogo hadi kikaacha kushika kolajeni na kuzidi kushika chembe zenye vimelea.

Makala iliyoeleza hayo ilitolewa na jarida la Nature mwishoni mwa mwaka 2015 na kuchapwa mwaka 2016. Kilichokuwa kikishikwa na kingamwili hizo hakikuwa PfEMP1 bali familia nyingine ya protini za kimelea ziitwazo RIFIN. Mwaka 2017 watafiti wa Japani walionyesha kwamba baadhi ya protini za RIFIN hushika LILRB1, protini nyingine ya kutuliza seli za kinga, na hivyo kuwapumbaza walinzi wa mwili. Uhusiano kati ya RIFIN na LAIR1 ukaanza kueleweka kwa mwanga huo. Kimelea kilikuwa kimetengeneza mkono wa kushika protini ya binadamu ili kuitumia kwa faida yake, na mwili wa mkazi wa Kilifi ukaichukua protini ileile, ukaipachika kwenye kingamwili na kuukamata mkono huo. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine uliripoti kingamwili zenye LAIR1 kwa watu wa sehemu nyingine za Afrika zenye malaria, ukaeleza pia njia ya pili ambayo kwayo kipande hicho huingia katika kingamwili.

ICAM-1 nayo haikuachwa. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba baadhi ya protini za PfEMP1 huweza kushika ICAM-1 pamoja na protini nyingine ya mishipa iitwayo EPCR kwa wakati mmoja, na kwamba vimelea wenye uwezo huo wa kushika kuwili wanahusishwa na malaria ya ubongo, na hivyo swali la wodi ya Kilifi limerudi mezani likiwa limebadilika sura. Kwa upande wa LAIR1, njia mojawapo ya kuwatambua wenye kingamwili hizo adimu ni kutumia kingamwili ya monokloni inayoshika LAIR1 ili kunasa, ndani ya seramu, kingamwili nyingine iliyobeba protini hiyo. Na mpimaji anayefanya hivyo, akiijua historia ya OKT4, hukagua kwanza kama epitopu anayoitafuta bado ipo katika kipande kilichokwisha kubadilishwa na miaka mingi ya malaria.